Nilimfundisha Mchina "plan", kumbe mimi ndiye sikuielewa

Najua nimepotea humu muda mrefu. Kwanza mitihani, halafu likizo, halafu kule kwetu mtandao mpaka upande mlimani ndio upate vijiti viwili. Sasa nimerudi chuo, niko chumbani, mwenzangu anakoroma kama lori la mkaa, na kesho asubuhi natakiwa kukabidhi andalio la somo kwa mhadhiri wa mbinu za kufundisha Kiingereza. Mada niliyochagua mwenyewe ni vitenzi vya kupanga mambo ya mbele, na kitenzi kikuu ni "plan". Nimeandika jina langu na tarehe, basi. Kila nikishika kalamu naiona Bugarama. Ngoja niwasimulie, labda nikitoa dukuduku andalio litaandikika.

Kwanza tuelewane, Bugarama ipi. Hapa chuoni nikiitaja watu wanadhani ni ile ya kwenye dhahabu, kule Bulyanhulu. Hapana jamani. Ya kwetu iko Ngara, mkoa wa Kagera, vilima na migomba, Burundi iko pale jirani. Kutoka Dar unapanda basi, unapita Dodoma, Singida, Kahama, Nyakanazi, na ukishuka miguu imevimba hata viatu haviingii.

Likizo hiyo nilikuta kuna kampuni moja ya ujenzi inachimba mitaro na kuweka makalavati barabarani. Kampuni ndogo tu ya Wachina, jina tuliache. Kwetu Wachina si jambo geni. Hata mradi wa umeme wa maporomoko ya Rusumo, humo humo wilayani Ngara, megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, makandarasi wa Kichina walishiriki kuujenga. Na wazee wanakumbuka TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Lakini hawa ninaowasimulia ni wengine kabisa, wa mitaro.

Baba mdogo wangu alikuwa kibarua pale. Kazi yake chepe na toroli. Siku ya tatu tangu nifike akaniambia, "Mwanangu, yule msimamizi wetu anatafuta mtu wa kumnyoosha Kiingereza. Nimemwambia ninaye mwalimu nyumbani." Nikamwambia baba, mimi bado mwanafunzi. Akasema, "Kwani yeye atajua?"

Basi nikaanza. Kila jioni saa 12, kwenye kibanda chao cha mabati, meza ya mbao, taa ya sola na soda moja. Yule msimamizi alikuwa mtu mzima, mpole, mkono mmoja una kovu la mashine. Kiswahili chake kilikuwa cha kazini: leta, mawe, haraka, bado, kesho. Kiingereza alikihitaji kwa sababu ya ripoti na kwa sababu ya mhandisi wa serikali aliyekuja kukagua. Simu yake ilikuwa na programu ya kutafsiri, lakini mtandao ukikata naye anakatika. Halafu programu ile inampa neno, haimwambii neno linakaaje na wenzake.

Tatizo lake kubwa lilikuwa "plan". Alilipenda neno hilo kuliko yote. Kila sentensi "plan". "We plan finish road." "I plan tomorrow go Ngara." "Yesterday I plan go, rain." Vibarua walishampa jina, wanamwita Bwana Plani.

Mimi kijana wa Elimu, mwaka wa pili nimemaliza, kichwa kimejaa nadharia, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikamuuliza kwa Kichina unasemaje? Akaandika herufi zake, pembeni akaandika kwa herufi zetu "dǎsuàn". Akanieleza kwa Kiingereza chake na kwa vidole kwamba ile "suàn" ni kuhesabu, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye jina la ile fremu ya shanga waliyokuwa wanahesabia wafanyabiashara wao zamani. Yaani kupanga kwao kuna hesabu ndani yake. Nikapenda sana. Akanionyesha sentensi nzima neno kwa neno: mimi, panga, kesho, enda. Hakuna "to", hakuna "ku", hakuna chochote kati ya kupanga na kwenda. Na siku inakaa kabla ya kitendo. Kumbe ile "I plan tomorrow go" haikuwa uzembe! Alikuwa anaongea lugha yake sawasawa, ila amebadilisha maneno tu.

Hapo ndipo nikaona raha ya Kiswahili chetu. Sisi "napanga kwenda", "napanga kulipa", ile "ku" inakaa pale pale inapokaa "to" ya Mwingereza. Mtoto wa Kitanzania akianza Kiingereza hapo hapati shida sana. Mchina inabidi aambiwe kwamba kati ya "plan" na kitenzi kinachofuata pana daraja, usiruke mtaro. Nikamwambia hivyo hivyo, kalavati! Akacheka mpaka akamwaga soda. Toka siku hiyo akawa anaandika "to" ndani ya kiduara kama bomba la kalavati.

Nikamfundisha yote. "Plan to pay", siyo "plan pay", wala "plan paying". Ukitaka "paying" basi weka "on": "plan on paying". Ukitaka jina la kitu, "plan for the rain". Ukihamia jana, anayebadilika ni "plan" peke yake, yule wa pili hatikisiki: "I planned to go", siyo "I planned went". Hilo la jana lilimsumbua kweli, maana kwao kitenzi hakibadiliki umbo. Iwe jana, leo, kesho, "qù" ni "qù". Kuna vineno vya pembeni vinasaidia, na siku ikishatajwa imetosha.

Siku moja baba mdogo alikuwepo anasikiliza, akaingilia. Akasema mbona majirani zetu Warundi wako kinyume chake. "Ejo" kwao ni jana na "ejo" hiyo hiyo ni kesho, utajua ni ipi kwa kusikiliza kitenzi. Nikamtafsiria msimamizi, akashangaa sana. Akaniambia niandike. Kwenye daftari lake nikaandika kwamba kuna watu siku inasema na kitenzi kinanyamaza, na kuna watu kitenzi kinasema na siku inanyamaza. Nilijiona profesa mtarajiwa jamani. Nilitembea kurudi nyumbani gizani najiongelesha.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu moja vibarua waligoma kuanza kazi. Siyo mgomo wa fujo, walikaa tu kwenye mawe. Malipo ya wiki mbili yalikuwa yamepitiliza. Nyapara akaja mbio nyumbani kunichukua, "Mwalimu njoo utafsiri." Nikaenda na kandambili. Watu kama 30 hivi, kimya. Msimamizi akasimama, akafungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akasema taratibu na kwa usahihi kabisa: "We are planning to pay you on Friday."

Wadau, niseme ukweli. Kitu cha kwanza nilichosikia ni "to". Alivyoiweka pale katikati bila kuteleza, moyo wangu ukajaa. Mwanafunzi wangu huyo! Nikawageukia watu nikiwa natabasamu, nikasema kwa sauti: "Anasema Ijumaa atawalipa."

Wakapiga makofi. Wakachukua machepe.

Hamjaona? Rudieni kusoma. Mimi mwenyewe sikuona mpaka Ijumaa.

Baba mdogo alikuwa anaezeka nyumba. Mvua za vuli kwetu hazikawii, na upande mmoja wa nyumba ulikuwa bado uko wazi. Jioni ile ile ya Jumatatu akaenda dukani, akachukua bati 12 kwa mkopo, akamwambia mwenye duka, "Ijumaa tunalipwa, mwanangu ndiye katafsiri, anasoma chuo kikuu." Akaweka baiskeli dhamana. Makubaliano yakawa hela ifike Jumamosi, isipofika baiskeli inabaki dukani na juu ya deni kuna nyongeza.

Ijumaa ikafika. Hela haikufika. Saa 10 jioni watu bado wamesimama barabarani. Msimamizi akatoka kibandani, uso umemshuka, akasema "Not yet. Head office." Safari hii hakuhitaji mkalimani, maana "bado" alishaijua akaisema mwenyewe. Watu hawakumtukana yeye. Waligeuka kunitazama mimi. Mmoja, mtu mzima tu ambaye namuamkia kila siku, akasema, "Wewe si ulisema atatulipa?"

Nilimfuata msimamizi kibandani nikiwa na hasira. Nikamwambia uliahidi. Akanitazama kama hanielewi. Akafungua daftari, ukurasa ule ule, akaweka kidole chini ya sentensi. Pembeni yake palikuwa na mwandiko wangu mimi mwenyewe. Akasema, "Teacher, I say plan to. I not say will. Will, I cannot say. Money not in my hand. So I look for the word." Yaani alijua kabisa kwamba hana uwezo wa kuahidi, akatafuta kwenye daftari neno la mtu ambaye ana nia lakini hana hela mkononi, akalipata, akalisema sawasawa. Hesabu yake ilikuwa kamili. Aliyekosea kuhesabu ni mimi.

Hapo ndipo aibu ilipoanza kuniingia. Maana Kiswahili kilikuwa na neno lile lile tayari mdomoni mwangu! "Anapanga kuwalipa Ijumaa." Sentensi fupi, ingekuwa imeisha. Watu wangenung'unika, labda wasingechukua machepe asubuhi ile, lakini baba mdogo asingeenda dukani. Hata mtoto wa darasa la nne Bugarama anajua "napanga kununua ng'ombe" na "nitanunua ng'ombe" ni vitu viwili tofauti. Mimi nilikuwa nimeshughulika na kalavati wiki tatu nzima, nikasahau kuuliza maji yanaelekea wapi. Nilimfundisha "plan" inafuatwa na nini, sikuwahi kumfundisha wala kujifundisha "plan" inabeba uzito gani.

Na uzito wake si mwepesi kuupima, nimekuja kufikiria baadaye. Kwa sababu hata kwetu "kupanga" kunabadilika na kiambishi. Ukisema "tunapanga kulipa", bado mnakaa kikao. Ukisema "tumepanga kulipa Ijumaa", hapo msikilizaji ameshaanza kuchukua mkopo. "Imepangwa" ndiyo kabisa, kama imetoka serikalini au kwa Mungu. Halafu kuna ngazi nzima: kufikiria, kutaka, kunuia, kukusudia, kudhamiria, kuazimia. Sisi walimu hata vitabu vyetu viko hivyo, azimio la kazi ni la muhula mzima, andalio ni la kipindi kimoja. "Plan" ya Mwingereza imekaa katikati ya ngazi hiyo na haisogei yenyewe, inategemea nani kasema na hela iko wapi. Na akisema "I had planned to come", mara nyingi maana yake ni kwamba hakuja. Hilo ndilo ningetakiwa kumfundisha siku ya kwanza, kabla hata ya "to".

Jumamosi baiskeli ikachukuliwa.

Jumapili baada ya ibada nikakaa na baba mdogo chini ya mgomba. Nikamwambia, "Baba, Mchina hakuahidi. Mimi ndiye niliyeahidi kwa niaba yake." Nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, anachora chini na kijiti. Akauliza, "Wenzangu umewaambia?" Nikasema bado. "Basi usiniambie mimi peke yangu. Mimi ni baba yako, nitakusamehe. Waambie wao, wanamtukana mtu wa watu bure."

Kwa kweli nilitamani kupanda basi la kesho yake. Lakini Jumatatu asubuhi nikaenda, nikasimama pale pale kwenye mawe. Nikasema makosa ni yangu, yeye alisema anapanga, mimi nikawaambia atalipa. Kuna waliocheka, mmoja akasema "msomi wa chenga". Kuna waliokaa kimya na hawajaniitikia salamu yangu vizuri mpaka nilipoondoka. Yule mzee niliyemtaja akasema jambo moja tu: "Tungejua anapanga, na sisi tungepanga." Sikuwa na jibu.

Unajua pale chuoni tunakariri kwamba mwaka 1969 Mwalimu Nyerere aliwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano kwa hotuba iliyokuja kujulikana kama "Kupanga ni Kuchagua". Nimeijibu kwenye mtihani wa Maendeleo, nikapata maksi nzuri tu. Lakini maana yake nimeielewa kwa mzee mwenye sururu. Watu wakiambiwa ukweli kwamba jambo bado ni mpango, wana nafasi ya kuchagua: kuchukua mkopo au kungoja, kuezeka upande mmoja au yote. Ukiwaambia ni ahadi, umewachagulia.

Malipo yalitoka Jumatano. Yote, hakuna aliyepunjwa. Baba mdogo alienda dukani kukomboa baiskeli, akalipa deni na ile nyongeza. Kwa siku zile nne alikuwa anatembea kwenda kazini saa nzima na zaidi, na mwenye duka baiskeli ameipaki nje watu wanaiona. Nyongeza ile alivyoipiga hesabu ilikuwa sawa na bati mbili alizokuwa bado anazihitaji. Nilivyoondoka kurudi chuo nyumba imeezekwa vizuri, ila kwenye kona ya jikoni kuna turubai la bluu limekandamizwa na mawe. Ukubwa wa bati mbili. Upepo ukipiga linasikika usiku kucha.

Na msimamizi? Tuliendelea na masomo mpaka siku ya mwisho. Niliogopa angeniona mwalimu hovyo, lakini aliniambia hata yeye hakunieleza vizuri. Alisema Wachina wana neno jingine, "jìhuà", linaloweza kuwa la ofisini, la karatasi yenye tarehe na mihuri, na yeye siku ile alimaanisha la moyoni. Tukagawa ukurasa safu tatu: "I want to", "I plan to", "I will". Chini ya kila moja akaandika hela iko wapi. Kwenye ya kwanza: haipo. Ya pili: iko njiani. Ya tatu: iko mkononi. Sijaona kitabu cha sarufi kilichoeleza vizuri kuliko hapo, na mwandishi wake ni mtu wa mitaro.

Kwa hiyo andalio langu la kesho naona nimeshalipata. Sitaanza na "to". Nitaanza na hadithi ya watu 30 kwenye mawe, niwaulize wanafunzi: huyu bwana amesema nini hasa? Je, ungechukua bati? Wakishabishana vya kutosha ndipo tuingie kwenye daraja, "to", "on", "for", na ile jana isiyogusa kitenzi cha pili. Kama darasani yupo Mchina, na hapa chuoni wapo wanaosoma Kiswahili, nitamwambia "dǎsuàn" yake ni rafiki, aongeze tu kalavati.

Jambo la mwisho halafu nilale. Juzi nilimpigia baba mdogo. Nikamwambia, "Baba shikamoo, bumu likitoka nakutumia hela ya bati mbili." Akaitika, akacheka, akauliza, "Unapanga au utatuma?"

Hela haiko mkononi. Bumu lenyewe wenzangu mnajua, leo wanasema wiki hii, kesho wanasema uhakiki. Nikakaa kimya kidogo na simu sikioni, nasikia kabisa lile turubai linapiga.

"Ninapanga, baba."

"Haya," akasema, "hapo nimekuelewa. Soma vizuri."

Usiku mwema wadau. Nina kipindi saa 2.